Gari la Kuvuta Boti

Kuku wa Mwanaidi ndio waliokuwa wa kwanza kulizoea lile boti. Liliingia uani juu ya tela lake la magurudumu mawili, limefunikwa turubai la bluu, na kabla mwenye nyumba hajamaliza kushangaa, tetea mmoja alikuwa ameshataga chini ya benchi la nyuma. Shinyanga mjini, ambako mto ukikauka watu hukatiza mchangani na baiskeli zao, mtu analeta boti! Majirani walikuja kulitazama kama wanavyomtazama mgonjwa: wanakaa kidogo, wanasema pole, wanatoka wakinong'ona.

Aliyelileta ni Akida, mumewe. Alilipata kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa akipima kina cha mabwawa huko upande wa Mwadui. Kazi ya mkandarasi iliisha, boti likabaki linaota jua. Lilikuwa boti la faiba, zito, na injini yake ya petroli imening'inia nyuma. Akida mwenyewe alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za dizeli za kusagia mawe ya dhahabu, kule Rwamgasa mkoani Geita. Alikaa huko miaka ambayo Mwanaidi alishaacha kuihesabu. Sasa alikuwa amerudi na begi moja na hilo boti, na mpango wake ulikuwa mfupi. Atafute pikapu, alivute boti mpaka Nkome, ziwani, awe anavusha abiria kwenda visiwani.

Atafute, alivute, avushe. Mwanaidi aliusikiliza mpango wote huo na hakusikia mahali alipotajwa yeye.

Alikuwa amechoka. Hasira ingekuwa nafuu, maana hasira huja ikapoa. Huu ulikuwa uchovu wa magotini, wa mwanamke aliyeolewa na mume wa mwisho wa mwezi, ambaye baadaye akawa mume wa Idi na Idi. Shamimu, binti yao, alizaliwa baba hayupo, akasoma baba hayupo, na siku ya kuolewa kwake Kahama baba alifika wakati pilau imeshapakuliwa. Mwanaidi alijinunulia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akajifunza kukiendesha, akawa anatoa mchele mashineni na kuusambaza madukani, huku akijiambia kwamba mzee akistaafu yale mawe, nyumba itapata watu wawili. Mzee amestaafu mawe, na kabla hajakaa kitako, anaoa ziwa!

Alimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa wanakula, Akida anachambua miba ya sato huku redio inanguruma. "Baba Shamimu, na mimi katika safari hiyo nimo?" Akida aliendelea na miba yake. Mara ya pili walikuwa wamelala, Akida amelalia ubavu wa kulia, kampa mgongo. Hakujibu wala hakugeuka. Mwanaidi alimwona anapumua taratibu, macho wazi yanatazama ukuta. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, naye akawa anausubiri huo mshindo.

Mshindo ulikuja na magari.

Pikapu zilizokuwa zinauzwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya dizeli, mali ya Nkwabi, mfugaji wa Samuye, aliyeitumia kubebea madumu ya maji na ndama. Ilikuwa na makovu kila upande na ilinguruma kama mashine ya kukoboa. Nyingine ilikuwa ya petroli, ya Abdul, mwenye duka la vitambaa hapo mjini, nyeupe, viti vimevalishwa, ikiwashwa unaweza kudhani imezimika. Kwa mtu mwenye boti la faiba uani, hata mtoto angejua ipi ya kuchukua. Lakini Akida, mtu aliyekula, akavaa na kulala na dizeli, alikuwa anataka ya petroli.

"Hiyo itavuta nini?" Mwanaidi alimuuliza. Walikuwa barazani, naye alisema kwa sauti kubwa kwa sababu uvumilivu ulikuwa umemwishia. "Petroli ni ya kwendea harusini. Ukiitundika mzigo ule inakunywa mpaka utashuka usukume. Na njia ya Kahama kwenda Geita kila kijiji kina fundi wa dizeli, kwa ajili ya hayo hayo makarasha yako. Ya petroli ikikufia Kakola utamwita nani?"

"Injini ya boti nayo ni petroli," Akida alisema. "Tunabeba dumu moja, wote wanakula humo humo. Na hata ikifika kuuzwa, gari safi kama lile Geita halimalizi wiki."

Ikifika kuuzwa. Mwanaidi alilishika neno hilo akakaa nalo. Mwenye nia ya kurudi hauzi gari. Anayeuza gari afikapo ni yule aliyekwenda moja kwa moja.

"Nimechoka na dizeli, Mama Shamimu," Akida akaongeza, taratibu, akitazama mikono yake. "Nimechoka nayo kabisa."

Miaka yote hiyo, mume aliporudi, kilichotangulia kuingia mlangoni ilikuwa harufu ya dizeli. Mwanaidi aliifua mashatini, ikagoma kutoka, mwisho akaipenda. Siku nyingine, Akida akiwa ameshaondoka, aliacha shati moja bila kulifua. Sasa mtu anasimama mbele yake anasema amechoka na dizeli! Aliinuka akaenda kuwapa kuku mtama, maana machozi yalikuwa karibu.

Walikubaliana angalau magari yote yajaribiwe na mzigo wenyewe. Nkwabi alifika asubuhi, akaliingiza gari uani kwa kishindo, kuku wakaruka kila upande.

"Mwangaluka, Mama Shamimu! Shikamoo shemeji mvuvi! Umeshavua wangapi hapa uani?"

"Marahaba. Nimevua mayai," Akida alijibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile Mwanaidi nusura acheke.

Akida alifungua boneti. Akatoa bisibisi yake ndefu, ile aliyozeeka nayo, akaigusisha ncha kwenye injini inayonguruma. Mafundi wote hufanya hivyo, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, ili kusikiliza ugonjwa ulioko ndani. Mwanaidi alimwona akifanya hivyo tangu ujana. Lakini safari hii Akida hakuupeleka mpini sikioni. Aliung'ata kwa meno, akafumba macho, akatulia hivyo.

"Shemeji, unaionja au unaila?" Nkwabi akacheka. "Ukiimaliza utanilipa!"

Mwanaidi aliona ni vituko vya uzee tu.

Walilifunga tela kwenye kulabu, wakatoka. Nkwabi alikaa nyuma kwenye bodi kulinda kamba, Akida akiendesha, Mwanaidi kushoto kwake. Njia ya Samuye ilikwenda vizuri. Kisha, kwa agizo la Mwanaidi, wakakata kuingia kwenye njia ya mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania tairi kama ugali mbichi, na usiku ilikuwa imenyesha. Dizeli ilinguruma, ikatoa moshi, ikalivuta boti hatua kwa hatua bila kusita. Ndani ya gari kila kitu kilikuwa kinatetemeka, dashibodi, vioo, hata meno mdomoni. Labda ni ile kelele iliyompa Mwanaidi ujasiri, maana kuna mambo mtu huyasema vizuri zaidi mahali penye zogo.

"Baba Shamimu! Mimi ninakuja, au ninabaki?"

Akida alitazama mbele. Aliushika usukani kwa mikono miwili na hakusema kitu.

Basi nimejibiwa, Mwanaidi akajiambia. Aligeuza uso dirishani akawaacha ng'ombe wa watu wapite ndani ya machozi yake. Hakuwa na nguvu ya kuuliza mara ya nne. Kama ni kubaki, atabaki, si amezoea?

Waliporudi barabarani, Abdul alikuwa anawasubiri na pikapu yake nyeupe chini ya nguzo ya umeme, kanzu yake safi, na neno la kwanza aliloongea lilikuwa la kukataza. Gari lake lisiingizwe matopeni. Wakahamisha tela. Abdul akapanda nyuma, akitandika gazeti kwanza, na Nkwabi akasema atawafuata kwa gari lake, eti ana hamu ya kuona petroli inavyoogelea.

Hapo tena Akida aling'ata bisibisi. Aling'ata kwa muda mrefu zaidi, na uso wake ukawa wa mtu anayetafuta kitu gizani. Kisha wakapanda, wakaondoka. Lami ilikuwa tambarare, gari likateleza kimya, hata mlio wa kijiti kilichokwama kwenye tairi ulisikika.

"Sema sasa," Akida akasema.

"Niseme nini?"

"Kule kwenye dizeli uliniuliza kitu. Niliuona mdomo wako kwa pembeni. Niulize tena."

Mwanaidi alimgeukia. "Ulinyamaza. Nimekuuliza mezani ukanyamaza, nimekuuliza kitandani ukanyamaza."

"Sikusikia." Akida alikuwa anaendesha polepole mno, malori yanampita yakipiga honi. "Sikio hili la kushoto limekufa, Mama Shamimu. Karasha lilikuwa upande huu miaka yote. Limekufa muda sasa, na la kulia lina nusu tu ya uzima. Hukai kushoto kwangu nikakusikia, mpaka pawe kimya kama humu."

"Na hukuniambia?"

"Fundi asiyesikia injini ni fundi gani? Kule walipogundua, ndiyo ikawa mwisho wa kazi. Nilisema nitakwambia kesho, kesho ikawa inakuja na kesho yake." Akaigusa bisibisi iliyolala mapajani. "Meno bado yanasikia kidogo. Lakini meno hayawezi kukusikia wewe. Ndiyo maana nilitaka hili la petroli. Humu ninakusikia."

Mwanaidi alikumbuka miba ya samaki na redio iliyokuwa inanguruma. Akakumbuka ule mgongo kitandani, sikio la kulia limezama kwenye mto. Alimwonea huruma mpaka ikamuuma, na papo hapo akamkasirikia mpaka akatamani kumpiga kwa kandambili. Siku zote hizi anamzika mume aliye hai, kumbe ni sikio tu! Alifungua mdomo amuulize lile swali kwa utulivu, na hapo ndipo bajaji moja iliyobeba magunia ikawakatia mbele.

Akida alikwepa. Gari likashuka bega la barabara, boti likafuata kwa nyuma, na wote wakaishia kwenye ule udongo mweusi uliokatazwa. Hapakuwa mbali hata kidogo na lami, hatua chache tu na kimwinuko cha kitoto. Akida akakanyaga mafuta. Pikapu nyeupe ikapiga kelele nyembamba, tairi zikazunguka pale pale, harufu ya klachi inayoungua ikajaa, na boti, kwa uzito wake, likaanza kuivuta pikapu kurudi nyuma. Abdul aliruka kutoka kwenye bodi na kanzu yake, akatua mahali pasipostahili kanzu.

"Nilisema nini? Nilisema nini mimi?"

Nkwabi hakuharakisha. Aligeuza dizeli yake, akafunga kamba, akavuta vyote kwa pamoja, pikapu, tela na boti, moshi mweusi ukipanda, yeye anaimba. Vilipofika lamini alichungulia dirishani. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," akasema, kisha akarudisha kichwa ndani, kwa sababu Abdul alikuwa anajifuta kwa gazeti na haikuwa vizuri kumzidishia.

Akida alisimama pembeni, matope mpaka magotini. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Basi ni dizeli," akasema. "Safari yote kwenye makelele. Haya."

Tela likarudishwa kwenye kulabu ya Nkwabi, ambaye alipanda tena nyuma. Akida akazunguka mbele ya gari kwenda kwenye usukani, akamkuta Mwanaidi ameshafika hapo, ameshikilia mlango.

"Pita kule," Mwanaidi akamwambia, akimwonyesha kwa mkono ili asikosee. "Kaa upande wa abiria."

"Na boti nyuma? Utaweza?"

"Nani aliyekuwa anasambaza mchele kwa gari hapa wakati wewe unasaga mawe? Pita."

Akida akapita, akapanda kwa mlango wa kushoto, akakaa. Mwanaidi akapanda kulia, akavuta kiti mbele, akavua kandambili zenye matope. Alipogeuka kumtazama mumewe, sikio lililokuwa mbele yake lilikuwa lile la kulia, kubwa, lenye mvi pembeni, na karibu kiasi cha kuweza kulishika. Hakuwahi kulitazama vizuri hivyo.

Akawasha. Dizeli ikanguruma, dashibodi ikaanza kutetemeka. Akaingiza gia, boti likaitika kwa nyuma, wakaondoka. Alingoja mpaka gari likachanganya mwendo, kisha akaegemea kidogo upande wa lile sikio.

"Mimi ninakuja Nkome, au ninabaki?"

Akida aligeuka upesi, kama mtu aliyeguswa bega. Alimtazama mkewe kwa mshangao wa kweli, bila kuelewa kwa nini jambo kama hilo linaulizwa.

"Ubaki?" akasema. "Halafu gari aendeshe nani?"

Mwanaidi aliushika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka vile vile, magoti yanauma vile vile, na macho yalikuwa yamemjaa maji kiasi cha kutoona barabara vizuri. Akapunguza mwendo mpaka yalipokauka, kisha akabadili gia.