Waya Mahali pa Fyuzi

...na mkaguzi wa moto anauliza tena, taratibu, nani alifunga waya huu, amekishika kile kidude cha kauri cha kubebea fyuzi, kimekuwa cheusi, na ndani yake waya wangu, mnene kama msumari, mzima, chumba chote cha ushonaji kimeteketea ila waya huo... shemeji, mume wa dada yangu, anasema labda ni pasi, mke wangu huyu ana tabia ya kusahau pasi, na dada mwenyewe, mikono imefungwa bendeji hadi viwikoni, anaitikia kwa kichwa, anaitikia jamani, wiki nzima anajitafutia kosa, niliichomoa, sikuichomoa, sikumbuki... mimi nakumbuka. Asubuhi ile, kabla ya moto, sare za shule themanini juu ya meza, fyuzi imekatika mara ya tatu, na fyuzi ikikatika kuna kitu inasema, ndivyo ninavyowaambia wateja kila siku, tutafute kwanza kwa nini, lakini dada amesimama na futi yake shingoni, mdogo wangu, fanya chochote nimalize kazi za watu, nami nina haraka, nikakata kipande cha waya wa shaba, nikakaza skrubu mbili, cherehani zikaanza kunguruma, akacheka, eti ana fundi wake wa umeme, wengine wakatafute wa kwao... nikasema kesho naleta fyuzi yenyewe. Kesho ile ikawa wiki tatu. Wiki tatu nyaya za ukutani zinachemka polepole, hakuna cha kuzikatia umeme, na yeye ameegemea ukuta huohuo anatunga uzi... moto ulipozuka akarudi ndani kuokoa sare za watoto wa watu, daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena, fundi cherehani, vidole viwili... nikinyamaza itakuwa pasi. Pasi haina wa kuitetea. Mkaguzi ataandika ataondoka, na dada atazeeka akijua ameiunguza kazi yake mwenyewe, nami nitamlisha kwa kijiko huku namtazama usoni... hapana, hilo siliwezi, anichukie mimi kuliko ajichukie yeye... shemeji anaanza tena, pasi ile, nasikia sauti yangu, ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili, "Dada, siyo pasi. Ule waya niliuweka mimi," na majivu yamejaa kwenye viatu vyetu, dada ananitazama, ananitazama tu, na mimi simkwepi.