Wa Nyuma Hakanyagi

Baiskeli yetu ina viti viwili na pedeli jozi mbili, na mnyororo unaozifunga zote pamoja. Ukizungusha mbele, nyuma nako kunazunguka, utake usitake. Ndiyo maana kila mwanamume wa Ufaransa akiona baiskeli kama hii inapita, hata awe amebeba jeneza begani, lazima apaze sauti: "Wa nyuma hakanyagi!" Nimeusikia mzaha huo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kila anayeusema anadhani ameubuni yeye asubuhi hiyo.

Miaka hiyo yote wa nyuma nilikuwa mimi. Mume wangu Yvon alikaa mbele akashika usukani, nami nikatalii mgongo wake. Bonde letu limejaa ngome, makanisa ya kale na madaraja ya mawe, vitu ambavyo watu wanatoka Uholanzi wakiburuta nyumba za magurudumu kuja kuviona. Mimi niliviona kwa pembeni, nikichungulia kwapani mwa Yvon. Na mzaha ukirushwa, yeye ndiye aliyenijibia: "Mwacheni, nimemleta aangalie mandhari." Watu walicheka, na mimi huku nyuma mapaja yanawaka moto.

Kisha kisukari kikamla macho, tukabadilishana viti. Yeye anakaa nyuma, mimi nashika usukani na kumsimulia tunachopita. Kila Jumapili, kuanzia Pasaka mpaka zabibu zivunwe, njia ni ileile: kutoka kwetu hadi ngome ya Rocferrand juu ya kilima, tunakula chini ya ukuta wake, tunarudi. Daktari alisema inamsaidia. Yvon alisema inamweka hai. Hakuna aliyeniuliza mimi inanifanyaje.

Jumapili ninayoisema ilikuwa ya mwezi Mei, na nilikuwa nimechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Nilichoka kuanzia kitandani. Mwishoni mwa msimu uliopita vilima vilikuwa vimeanza kurefuka, na mwaka huu hata tambarare ilikuwa kama imeinama. Nilijiambia, Solange, unakaribia sabini, miguu imekwisha, kubali. Nikaamua kwamba tukifika juu, tukishakula, nitamwambia hii ndiyo ya mwisho. Maneno niliyapanga tangu Alhamisi nikimenya viazi, na kila nikiyarudia, mkono wangu ulikuwa unasimama. Yvon bila baiskeli ni Yvon na redio jikoni mpaka tutakapomzika. Nilijua hilo ndilo nitakalokuwa namwambia.

"Unaona nini?" akaniuliza tulipovuka mto.

"Daraja."

"Daraja tumeshalipita, nimesikia mawe yakiisha chini ya tairi. Unaona nini sasa?"

"Nyumba ya njiwa ya akina Delpech."

"Na paa lake?"

"Lipo."

"Leo umekuwa mchoyo, mama. Zamani ulikuwa unanisimulia hadi rangi ya ng'ombe."

"Ng'ombe hawajabadilika rangi, Yvon. Kanyaga."

Tukaingia kijiji cha Belsart. Nikampa kwa mkato mahali pa kufulia ambapo hafui mtu tena, kisha mlango wa kanisa na watakatifu wake wasio na vichwa, waliokatwa wakati wa Mapinduzi na hawajapata vingine hadi leo. Mbele ya mkahawa alikaa Justin, aliyekuwa mchinjaji kabla ya kustaafu, pamoja na wenzake na glasi zao za mvinyo mweupe. Nilijua kinachokuja.

"Solange! Wa nyuma hakanyagi!"

Justin husema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili Yvon humjibu: "Mimi ndiye injini, huyu wa mbele ni taa tu!" Wanacheka wote, nami napita nimenuna. Safari hii nilinuna kabisa, nikasubiri. Yvon hakujibu. Nikadhani hakusikia, lakini mtu huyu tangu apofuke anasikia mjusi akipita ukutani.

"Vipi, injini?" nikamuuliza.

"Angalia barabara."

Baada ya Belsart kuna kipande kirefu kilichonyooka, na pande zote mbili ilisimama miti ya jozi, ile ya kokwa za kula, mikubwa, matawi yake yakikutana juu. Wakati wa uchumba wetu tulikuwa tukiitegemeza baiskeli kwenye mmoja wao, na wazazi wetu wakidhani tumetobokewa na tairi. Ile miti haipo. Ilishikwa na ugonjwa, ikakatwa yote majira ya baridi ya mwaka juzi. Vimebaki visiki. Siku ya kwanza tulipopita Yvon aliniuliza kama imeshatoa majani, mdomo wangu ukasema ndiyo, na tangu siku hiyo nimekuwa mtunza bustani ya uongo.

"Tumeingia kwenye miti?" akauliza.

"Tumeingia."

"Majani?"

"Machanga. Mengine bado mekundumekundu."

"Na huko juu yanakutana?"

"Yanakutana," nikasema, na jua limenigandisha shati mgongoni.

Kisha kilima kikaanza. Kwenye klabu yetu ya zamani ya baiskeli ulikuwa na ruhusa ya kutapika kwenye kilima cha Rocferrand. Kulia pia uliruhusiwa. Usichoruhusiwa ni kushusha mguu chini. Aliyegusa lami kwa kiatu kabla ya lango la ngome alisimangwa mpaka Krismasi, na kuna mtu mmoja, mwalimu, alihamia klabu nyingine kwa sababu hiyo. Yvon hajawahi kuigusa. Mimi pia sijawahi, maana wa nyuma angeshushaje mguu peke yake?

Nikaweka gia nyepesi kuliko zote. Kona ya kwanza nikaipata. Kona ya pili nikaanza kuona vinyota, na moyo ukanipanda hadi masikioni. Hapo ndipo yule Justin aliponirudia kichwani, na kimya cha Yvon baada yake. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikalegeza miguu. Niliiacha juu ya pedeli bila kusukuma, nione nani ananizungushia.

Pedeli zilikufa. Baiskeli ikayumba kama mlevi, nikakandamiza tena kabla hatujaanguka.

"Yvon, unakanyaga?"

"Nakanyaga."

"Nimelegeza miguu sasa hivi. Tumekaribia kusimama."

Akasema, "Nyonga."

"Nyonga imefanya nini?"

"Imekwisha. Nikiisukuma inaniingia kisu."

"Tangu lini?"

"Tangu zabibu."

"Zabibu zipi? Za mwaka jana?"

Basi nilikasirika mpaka nikapata nguvu. Kona nzima niliipanda kwa hasira peke yake. Miezi yote hii nimejilaumu, nimejiita mzee, nimekula vidonge vya madini ya chuma vinavyonifunga choo, kumbe vilima viko palepale na miguu yangu ni mizima. Nilikuwa nambeba mwanamume mzima na kikapu cha chakula.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungeiuza baiskeli. Mimi ningebaki na redio."

"Kwa hiyo ukaona bora mimi nife njiani. Ungeniambia ukweli tu, Yvon. Ukweli ni kitu kigumu hivyo?"

"Ukweli," akasema. "Miti ya jozi imekatwa lini, Solange?"

Nikaukaza usukani, nikakandamiza.

"Mwaka wa pili huu jua linanichoma shingo pale," akasema. "Zamani tulikuwa tukiingia kwenye miti nasikia baridi hadi kwenye meno. Sasa najua tumeingia kwa sababu unaanza kuongea haraka."

"Mbona ulikuwa unaniuliza?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

Nikataka kumtukana, badala yake machozi yakanitoka, na ukiwa na jasho usoni hayo ni maji tu. Mbele yetu kulikuwa na kona nyingine na juu yake ukuta wa ngome. Nilijua siipati. Nilijua pia sitashusha mguu, si mbele yake, hata kama haoni. Nikaendelea kukandamiza, baiskeli ikienda polepole kuliko mtu anayetembea.

Ndipo nikasikia kiatu kikikwaruza lami nyuma yangu.

Tukasimama. Yvon alikuwa ameshusha mguu wa kulia, ule wa nyonga nzima, ameukita chini katikati ya kilima cha Rocferrand.

"Ukisimulia," akasema, "sema ni mimi."

Tukashuka. Mimi nikashika usukani, yeye akashika kiti chake, tukaisukuma hivyo hadi juu. Alikuwa anachechemea vibaya. Sijui nilikuwa naangalia wapi miezi yote hiyo. Jikoni alikuwa anashikilia meza kila akipita, nami nilidhani ni kwa ajili ya macho.

Tulikaa chini ya ukuta. Nikatoa mkate, jibini la mbuzi, mayai ya kuchemsha na kachupa ka mvinyo.

"Unaona nini?" akauliza.

Mara hii nilitazama. "Mnara umefungwa kwa wavu, wanautengeneza. Langoni wameweka vyoo vya plastiki, vya buluu. Na kuna Mholanzi amevipita, anakojolea ukuta."

"Ukuta upi?"

"Ule uliowashinda Waingereza."

Alicheka hadi akapaliwa na yai, nikampiga mgongoni. Alipotulia nikaona kwamba nikichelewa tena sitasema kamwe.

"Yvon, hii ndiyo ya mwisho."

Alikuwa anamenya yai la pili kwa vidole, akikusanya maganda kiganjani. "Najua. Tangu Alhamisi," akasema. "Ulikuwa unamenya viazi, kisu kikawa kinasimama, kinaanza, kinasimama. Nikasema, mama anatafuta pa kuanzia."

"Na hukunisaidia."

"Nilitaka Jumapili moja zaidi."

Nikamshika mkono wenye maganda. Mholanzi akatusalimia akipita, tukamwitikia.

Kurudi hakuna kazi. Kutoka langoni barabara inateremka, na ukiiachia vizuri inakufikisha Belsart mbele ya kanisa bila kukanyaga. Niliiachia. Upepo ukatukausha. Tulipofika kwenye kile kipande kilichonyooka nikasema, "Visiki. Kushoto vingi, kulia vichache, kimoja kimechipua."

"Kipi?"

"Sijui kama ndicho chetu."

"Sema ndicho," akasema, na mimi nikasema ndicho.

Pale mkahawani Justin na wenzake walikuwa bado wamekaa, glasi zimeongezeka. Alituona kwa mbali. Nilimwona anavuta pumzi.

"Wa nyuma hakanyagi!"

Yvon aliinua kichwa nyuma yangu.

"Hata wa mbele hakanyagi, Justin," akamjibu. "Wamechoka wote wawili."