Kanda Iliyodhaniwa Pepo

Mwenye mtoto anayekaa peke yake na redio, akae kitako asikie yaliyomfika Mwamini wa Umwe. Ni ya enzi za ruksa hizo, mitumba ilipojaa magulioni na kila kijana akataka redio kaseti kuliko jembe.

Mwamini alikuwa na mtoto mmoja tu, Mudathiri. Baba mtu alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaoa huko, ikawa ndiyo kwa heri. Basi mpunga ukianza kutoa masuke, mama na mwana hugawana kazi: mama nyumbani na mihogo yake, mwana bondeni juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, akiamia ndege na kufukuza nguruwe. Wiki nzima kijana haoni mtu ila mama anayemletea chakula, naye huweka kikapu akaondoka, maana nyumbani kazi zinamngoja.

Ndipo ikaingia ile kanda. Mudathiri aliirekodisha Kibiti, kwenye kibanda cha fundi redio mmoja akiitwa Zubeiri. Si taarabu, si dansi. Magitaa yanakwaruza kama msumeno juu ya bati, ngoma zinakimbizana, na kijana wa kizungu anafoka mpaka sauti inapasuka. Mudathiri ataipiga iishe, aigeuze, aipige tena. Betri zikichoka anazianika juani, zikipata uhai kidogo anaanza upya.

"Hiyo ndiyo ya kufukuzia ndege?" mama alimwuliza.

"Ndege wameizoea, mama. Siku hizi wanakuja kuisikiliza."

Mama hakucheka. Alikuwa ameyaona macho ya mwanawe yamelowa, kwa wimbo ambao hakuna neno lake hata moja analolijua. Swali lilimjia mdomoni, akalimeza. Badala ya kumwuliza mtoto akaenda kumwuliza Bi Sijaona, fundi wa ngoma za pepo.

Kwao mambo ni hivyo. Mtu akiandamwa na wimbo mmoja, akaulilia bila kuuelewa, si yeye anayeutaka, ni pepo aliye kichwani. Fundi humpigia mwele, yaani mgonjwa, ngoma za kila kabila la pepo, na ile atakayoinukia ndiyo ya pepo wake.

Bi Sijaona alisikiliza, akatia tumbaku mdomoni. "Huyo pepo mzungu," akasema. "Mzungu hakai mkekani. Tafuta meza, kitambaa cheupe, biskuti na soda."

"Na ngoma yake utaipigaje, Bibi?"

"Ngoma yake si anayo mwenyewe kwenye redio?"

Mudathiri akaitwa nyumbani, akaambiwa kuna shughuli ya ukoo, aje na redio. Alikuta ua umejaa watu. Kabla hajauliza, amekalishwa kitini, kafunikwa shuka, ubani unafuka. Ngoma zikapigwa moja baada ya nyingine. Kijana katulia, kwa adabu tu. Kisha Bi Sijaona akabonyeza redio.

Magitaa yakalia pale uani, mbele ya wajomba, mashangazi na wasichana wa rika lake. Mudathiri akainuka.

"Izime, mama," akasema. "Tafadhali, izime."

"Pepo kapanda," akasema Bi Sijaona. "Mnamwona? Mpeni soda."

Vigelegele vikapokewa ua mzima. Mama alipiga vigelegele kuwapita wote, kwa furaha kwamba dawa imepatikana. Kijana akasimama na chupa mkononi, hajui aiweke wapi.

Tangu hapo vijana wenzake wakawa hawampi nafasi. "Gudi moningi, Mista Pepo. Leo umekula biskuti ngapi?" Mudathiri aliamia mpunga mpaka ukavunwa, hakumtupia mama kazi. Gunia la mwisho lilipoingia ndani, akachukua redio yake akaondoka.

Msimu uliofuata Mwamini alipanda dunguni mwenyewe. Mchana unavyokuwa mrefu kule alikuwa hajapata kuujua. Ukipiga kelele, bonde linanyamaza. Ukiongea, unajikuta unaongea na kidole chako. Siku ya gulio akashuka, akapanda lori kwenda Kibiti kwa yule fundi redio.

Zubeiri alimkaribisha kwenye kigoda. Mwanawe yupo hai, alimwambia, ni utingo wa lori la Lindi, hupita pale.

"Na ile kanda?"

"Panki ile, mama, muziki wa vijana wa kizungu wenye hasira. Aliniachia mzungu aliyekuwa akihesabu mikoko huko delta. Naye alisema kwao haikuwahi kupigwa redioni, na ni ya zamani, ilipotoka yeye alikuwa hajaanza hata shule, lakini mpaka leo watu wanapeana mkono kwa mkono. Hata hapa wanakuja. Wa Ikwiriri, wa Mloka. Nimeirekodi mpaka kanda yenyewe imeanza kukwama."

"Wote hao wana pepo?"

Zubeiri alicheka, kisha akaona hakufanya vizuri. "Wengi wanaotaka hiyo ni walinzi, mama. Walinzi wa mashamba na wa maghala."

Lori la Lindi liliingia jua limekaza. Mudathiri akashuka, kawa mweusi kwa mafuta, akatoa shikamoo.

"Marahaba, baba. Yule wa kwenye kanda, analilia nini?"

"Sijui, mama. Maneno yake siyajui."

"Na weye ulikuwa unalilia nini?"

Kijana alifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Kule dunguni ilikuwa inanijia kama tuko wawili. Ilikuwa inanitosha."

"Rudi basi. Tutaamia wote miye na weye."

Dereva akapiga honi. "Mpunga ukiiva nitakuja tuvune," akasema Mudathiri, akadandia.

Alikuja kweli. Akavuna, akala, akawaamkia majirani. Asubuhi ya kuondoka aliteka maji akajaza mtungi, akakunja mkeka aliolalia na kuuegemeza ukutani, kama wafanyavyo wageni.