Mikunjo ya Bi Mwantumu

Usiku wa kuamkia jana, Sikudhani, fundi cherehani wa Tanga, aliota nchi imeacha fedha yake na kuchukua ya kigeni. Redio ndiyo iliyomwambia, tena kwa kumtaja jina: "Sikudhani, nenda na mama yako benki mkabadilishwe."

"Tukabadilishe, siyo?"

"Mkabadilishwe," redio ikajibu, ikajizima.

Basi akamshika mkono mama yake, Bi Mwantumu, wakaenda. Benki ilikuwa ndani ya darasa alilosomea la tatu. Shilingi zilikuwa zikitoka dirishani moja moja na vifurushi vyao, hazimtazami mtu usoni. Mezani ilikaa noti ya kigeni, ndefu kama mlango, imefunga tai.

"Fedha ni yetu, masharti ni yetu," noti inasema. "Kilichochanika hakipokelewi. Kilichokunjamana hakipokelewi." Inamtazama Bi Mwantumu. "Huyu ana mikunjo."

"Ni mama yangu. Ana miaka sabini na tisa."

"Basi ni toleo la zamani. Apelekwe mashineni."

Pembeni ipo mashine ya kusagia noti mbovu. Inakohoa kidogo. "Shikamoo, mama," inasema.

"Marahaba, mwanangu," anaitikia Bi Mwantumu, na kuanza kuvua kandambili.

Sikudhani anamshika bega. "Mama, unakwenda wapi? Hiyo inasaga!"

"Imeniamkia kwa adabu. Nitaipitaje?"

Amekwisha kuingiza kidole gumba cha mguu. Sikudhani anamvuta kwa nguvu zote, na mama anamjia mikononi mwepesi, bapa, akichakacha kama karatasi. Noti inainuka. Mlango haupo tena. Ukutani umebaki ufa tu.

Sikudhani akamkunja mama yake mara mbili, kisha nne, akamfunga kwenye pindo la kanga.

"Usinibane sana," fundo lilisema.

Akajipenyeza ufani. Nyuma yake meno ya mashine yalizunguka, na ile sauti ya upole ikaita: "Shikamoo, mama. Shikamoo, mama." Ndani ya fundo, Bi Mwantumu akavuta pumzi ili aitikie. Sikudhani akaliziba fundo kwa kiganja, akapiga ukelele.

Ukelele ukamwamsha. Kumekucha. Uani mama yake alikuwa akikuna nazi, mzima kabisa. Sikudhani nusura alie kwa shukrani.

"Sijui nimelalaje," alisema Bi Mwantumu akiinua kichwa. "Uso wote unaniuma."

Mstari mmoja ulishuka wima kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Mwingine ulikatiza puani, umenyooka kama uliopigwa rula.

Sikudhani alikwenda mlango wa mbele, akatia komeo.