Mama Aliyesimama Ukumbini

Jibu la mashine la mia mbili na kumi lilikuwa la aibu. Mteja alikuwa ameandika kwamba laini yake imefungwa, mama yake kalazwa, na hana njia nyingine ya kumpata daktari; mashine ikamjibu kwa kumshukuru kwa kuichagua kampuni. Dada Pole aliguna. Alilifuta lote, akaandika: "Pole sana kwa mgonjwa. Nipe namba yako tuifungue kwanza, mengine baadaye." Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kuanzia hapo mashine ingejua.

Jina la Dada Pole alipewa na wenzake wa dawati la malalamiko, maana hakuna mteja, hata aliyekuja na matusi ya nguoni, ambaye hakumpa pole kwanza. Walikuwa wafanyakazi arobaini na mmoja. Sasa walibaki wanne wa kuikosoa mashine, na viti vya waliotolewa vilikuwa vimepandanishwa karibu na dirisha, vimefunikwa nailoni, utadhani wenyewe wamekwenda likizo. Barua zao zilisema wameondoka kwa makubaliano, ingawa hakuna hata mmoja aliyekumbuka alikubaliana na nani.

Malalamiko yao yalikuwa yasikilizwe siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, kwenye ofisi ya kazi, na shahidi wao alikuwa Dada Pole. Ni yeye tu, kati ya waliobaki ndani, aliyekubali kusema kwa kinywa chake kwamba watu wale walikalishwa miezi minane waifundishe mashine, wakaahidiwa kazi nyingine, kisha wakatolewa. Bila yeye zingebaki barua, na barua zilikuwa za kampuni.

"Dada yangu," alisema Msimamizi, akija kuegemea meza yake. Akianza na dada yangu, ujue kuna jambo. "Acha hiyo. Chukua fulana mpya uvae, gari liko chini. Mwenyekiti wa kampuni anahutubia mkutano wa uchumi saa tano, anataka sura za watu wetu mbele."

"Mimi? Kwani nikaseme nini?"

"Husemi kitu. Unakaa. Akikutaja unasimama, watu wanakuona, basi."

"Anitaje kwa lipi?"

"Kwa wema tu." Msimamizi alishusha sauti. "Halafu ule mkataba wako uko mezani kwangu. Nitaumaliza leo leo."

Mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa. Nyumbani kulikuwa na mama yake asiyeona vizuri na binti wa darasa la mwisho, na mshahara ulioingia mle ndani ulikuwa wake peke yake. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Dada Pole aliujua msemo huo tangu utoto na hakuwahi kuupenda. Akiwa ndani ya gari aliamua: atakwenda, atakaa, lakini hatasimama. Nani atamwinua?

Ukumbi ulikuwa na baridi ya kiyoyozi na chupa ya maji kila mezani. Mwenyekiti alikuwa mtu wa sauti ya upole, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Hakufoka. Alivua miwani, akaongea kama mtu anayewashauri wanawe.

"Nchi inayoogopa mashine inaogopa kesho yake," alisema. "Tunachoomba kwa serikali ni kidogo. Sheria za ajira zilegezwe, tuweze kupanga watu wetu kulingana na nyakati. Kodi ya mitambo ipunguzwe. Wanasema akili bandia inakula kazi. Inakula kazi ya nani? Kwangu mimi hakuna aliyeachwa njiani. Tena ushahidi ninao. Yupo hapa mama mmoja, alikuwa anapokea simu za malalamiko. Leo ni mwalimu wa akili bandia! Mama, hebu simama wakuone."

Dada Pole alishika ukingo wa kiti. Vichwa vyote viligeuka, kamera nazo. Mzee wa suti aliyekaa kushoto kwake akamgusa kiwiko kwa adabu, akanong'ona, "Inuka mwanangu, unaitwa na mkubwa." Na yeye alikuwa amelelewa hivyo: mkubwa akiita, mtu haitiki amekaa. Miguu ikainuka kabla hajaiuliza. Walimpigia makofi muda mrefu, hata waziri aliyekaa mbele akageuka na kupiga. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni pake, akasema, "Asante."

Alasiri, wenzake walikuwa wamejaa kwenye ngazi za ofisi ya kazi. Wengine hawakuwa wameona habari. Walimwitikia salamu kwa furaha. Aliyewaongoza ni kijana waliyemwita Kasuku, maana zamani aliweza kuongea na wateja watatu bila kuvuta pumzi. Waliingia wawili tu, yeye na Dada Pole.

Juu ya kabati la ofisa palikuwa na televisheni ndogo. Ofisa alimtazama Dada Pole, akaitazama televisheni, akamtazama tena.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Umesimama."

"Niliambiwa nisimame."

"Kwa fimbo?"

"Hapana."

"Mwenyekiti amesema hakuna aliyeachwa. Wewe ukasema nini?"

Kasuku alikuwa anamtazama Dada Pole mdomoni. "Nilisema asante."

Ofisa akaweka kalamu chini. Hakuonekana mtu mbaya, alionekana amechoka. "Sasa mama, mimi niandike nini?"

"Andika tulikuwa arobaini na mmoja! Waliotolewa wako hapo nje, toka uwahesabu mwenyewe!" Dada Pole alisema.

"Nimewaona nilipokuwa naingia. Lakini nchi nzima imekuona wewe. Huko juu wameshaanza kusema sheria yenyewe itabadilishwa. Nikiandika kinyume nitaulizwa mimi, sio wewe." Akamgeuzia Dada Pole fomu. "Tia saini hapa, kwamba umepata mafunzo na kazi mpya."

"Sitii."

"Si lazima," ofisa alisema, akaichukua fomu yake. "Faili linafungwa hata bila saini."

Walitoka. Kasuku hakuwaambia wenzake lolote, na hawakuuliza, maana wenye simu nzuri walikuwa tayari wanapokezana picha yake akiwa na ile fulana mpya. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejua la kusema, kazi ya kutukanwa alikuwa ameifanya miaka kumi na moja.

"Ungekaa tu, dada," Kasuku alisema mwishowe, taratibu. "Basi. Ungekaa tu."

"Nilitaka kukaa, mdogo wangu. Wallahi nilitaka."

"Najua."

Simu yake ikalia mkobani. Alisoma kwa kuificha kiganjani. Ulikuwa ujumbe wa Msimamizi: *Hongera. Mkataba umeongezwa miezi mitatu. Kesho uwahi, mashine inaanza kujifunza kujibu kwa sauti, tunataka yako.*

Kasuku alikuwa amemsogelea, macho mekundu, bado anajaribu kuwa mwema kwake.

"Kuna nini, dada? Nani huyo?"

"Ni nyumbani," alisema, akaizima simu.

"Wasalimie sana," Kasuku alisema. "Mwambie mama nitapita nimwone."