Kibali cha Kuchapa Kitabu cha Bure

Madam Eufrazia alipoingia darasani siku ya kwanza ya muhula na kutangaza kwamba mwaka huu hakuna kununua kitabu cha fiziolojia, darasa zima lilipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Kitabu kipo mtandaoni, alisema, kizima, cha bure, na ni kipya kuliko vile vilivyofungiwa kabatini maktaba. Tulirushiana kwenye simu kabla hajamaliza kufuta ubao.

Simu yangu ikafa wiki chache baadaye. Fundi aliifungua, akaitazama, akanirudishia ikiwa imekufa vile vile. Tangu hapo nikawa msomaji wa simu za watu. Unachungulia ukurasa begani kwa mwenzio, mara anapigiwa na mchumba, kitabu kinaondoka naye. Matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu, mtihani wa kurudia. Chuo chetu cha maabara hakina mchezo: ukifeli na sapu, unafungasha. Na mama yangu kule Tukuyu alikuwa ameshawatangazia kanisani kwamba Tupokigwe wake anasomea udaktari. Udaktari! Nikirudi na begi, nitapita njia gani nisionekane?

Nikaamua kukichapa. Faili lilikuwa kwenye flashi, na hela ya karatasi nilikuwa nimejibana mpaka nikaipata. Mwenye mashine kubwa ya bei nafuu karibu na chuo, pale Temeke, ni mzee Saifuddin wa steshenari.

"Shikamoo mzee. Naomba unichapie kitabu."

"Marahaba. Kitabu cha nani?"

"Cha bure. Nimekitoa mtandaoni."

"Nimeuliza cha nani, binti."

Nilijua kwa nini anauliza. Wakaguzi wa hakimiliki walishamkuta akitoa kopi ya kitabu cha watu, wakaondoka na mashine. Mji mzima unatoa kopi, aliyekamatwa ni yeye. Nikamfungulia ukurasa wa kibali kwenye kompyuta yake: mtu yeyote anaruhusiwa kunakili, kuchapa, hata kubadilisha, mradi awataje waandishi. Aliusoma taratibu, akarudia tena.

"Mhuri uko wapi?"

"Mzee, mtandaoni hakuna mhuri."

"Basi hakuna kibali. Haya maneno hata wewe unaweza kuyaandika."

Hasira zilinipanda. Nikamwambia steshenari zote za barabara hii zinatoa kopi za vitabu vya wizi mchana kweupe, halafu mie niliyekuja na cha halali ndiye ninayenyimwa.

"Hao hawajachukuliwa mashine," alisema, akaendelea kubana karatasi za mteja mwingine.

Nikamfuata Madam Eufrazia ofisini. Alicheka kwanza, jambo ambalo halikunisaidia, kisha akaniambia mhuri wa chuo anao mkuu, na mkuu yuko Dodoma, na akirudi hajulikani. Sapu ilikuwa haimsubiri mkuu. Nilirudi Kiwalani ninakokaa na shangazi, nikaenda moja kwa moja serikali ya mtaa. Huku kwetu hakuna mhuri unaoaminika kama ule. Bila huo hufungui akaunti wala humdhamini ndugu polisi.

Mwenyekiti wetu, mama Mwajabu, aliupokea ukurasa wa kibali niliouchapisha, akaugeuza mbele na nyuma.

"Huyu mwandishi anakaa mtaa gani?"

"Hakai Tanzania, mama."

"Sasa nitamthibitishaje mtu nisiyemjua?"

"Nithibitishe mie. Mie si unanijua?"

Akanitazama, akavuta karatasi. Aliandika kwamba Tupokigwe ni mkazi wa mtaa wake, ana tabia njema, na anasema mwenye kitabu amekiruhusu kichapwe, hivyo apewe ushirikiano. Akagonga mhuri kwenye barua, akagonga na kwenye kibali chenyewe, meza ikatikisika.

Kisheria ile barua haikuwa na maana yoyote. Mzee Saifuddin aliisoma yote, akaukagua wino kwa karibu, akaifungia kwenye faili.

"Sasa tunaelewana," alisema, na mashine ikaanza kutema karatasi.

Nilikisoma kibarazani, nilikisoma jikoni nikisubiri maharage yaive, penseli mkononi. Hakuna mchumba aliyekipigia. Figo, ambayo ilikuwa imenishinda kabisa, nikaielewa mpaka nikawa namfundisha shangazi kwa lazima. Na nikafaulu. Si kwa kishindo, lakini nilifaulu, nikalia mbele ya ubao wa matangazo bila kujali nani ananiona. Nikaazima simu nikampigia mama. Vigelegele vyake vilinifanya niisogeze simu mbali na sikio.

Kisha nikaenda steshenari kumwambia mzee Saifuddin. Alifurahi kweli, akanipa mkono.

"Na wenyewe umewaambia?"

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye kitabu."

"Hawanijui, mzee. Wako huko Ulaya, au Marekani, wala sijui."

Akavua miwani. "Watu wamekupa kitabu kizima. Umekichapa, umekisoma, umefaulu. Na hata shikamoo hujawapelekea?"

Nilikuwa nimekasirikia simu, nikamkasirikia yeye, nikaukasirikia na mhuri. Waliotoa kitabu bila kumuuliza mtu chochote sikuwa nimewafikiria hata mara moja. Niliona aibu, tena ya kweli.

Akanisogezea kiti na kompyuta ya dukani. Anwani yao ya barua pepe ilikuwa mwanzoni mwa kitabu. Barua niliiandika kwa Kiingereza changu cha chuo. Neno la kwanza niliandika shikamoo. Nikalitafutia Kiingereza chake, nikakikosa, nikaliacha hivyo hivyo.