Programu ya Mfereji na Saa ya Magharibi

Niseme mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: programu inayogawa maji ya mfereji wetu niliiandika mimi, Ghaliya binti Zahran, mwaka wa tisini na sita, nikiwa mwalimu wa kompyuta shule ya wasichana. Sikusaidiwa na mume wala kaka. Miaka ishirini na nane imegawa maji ya mashamba mia moja na arubaini, na hakuna aliyewahi kugonga mlango wangu kusema amepunjwa. Mkiniita mwenye majivuno, sawa, nimeyatolea jasho.

Mwezi wa sita kompyuta ya ofisi ya mfereji, pale ubavuni mwa msikiti, ikafa. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, basi. Kamati ikanunua mpya kutoka Nizwa, nyembamba kama sinia, na programu yangu ikakataa kufunguka humo. Mashine ilijibu kwa adabu kwamba kitu hiki ni cha zamani mno, haikijui.

Hapo ndipo alipotokea Mundhir, mtoto wa kaka yangu, mhandisi wa Maskati, simu mkononi. Kampuni yake ina mfumo wa kugawa maji kwa simu. Mzuri, una rangi, sikatai. Ila unahesabu kwa robo saa, chini ya hapo haujui kitu.

"Na Zuwena je?" nikauliza mbele ya kamati.

Zuwena binti Sinan ni mjane mwenye mitende sita na kitalu cha ndimu. Sisi nusu saa tunaigawa viyasi ishirini na vinne, na fungu la Zuwena ni viyasi sita, yaani dakika saba na nusu katika kila mzunguko wa siku nane. Hakuna fungu dogo kuliko hilo, na alilirithi kwa mama yake.

"Huyo tutampa robo saa nzima, shangazi," akasema Mundhir. "Mzunguko mmoja apate, mmoja apumzike. Hesabu ni ile ile."

"Hesabu ni ile ile, ndimu hazitakuwa zile zile. Siku kumi na sita, jua hili? Kaa wewe siku kumi na sita bila maji, tuone utakavyonukia."

Wazee wakacheka. Mzee Nabhan, wakili wa mfereji, yeye ndiye msimamizi wa zamu zote, hakucheka. Alimimina kahawa, akasema mzunguko mpya unaanza Jumamosi magharibi. Programu ya Ghaliya ikiamka kabla ya hapo tutaendelea nayo, isipoamka tutachukua ya simu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Diski zangu nilikuwa nimezihifadhi ndani ya bati la halua, juu ya kabati. Moja ina programu yenyewe, nyingine ina chombo nilichotumia kuiandika, ambacho bila kuwa nacho huwezi kubadilisha hata nukta. Nikachomeka kisomaji cha diski kwa waya, nikamwambia Mundhir anishikie kisiteleze.

"Shangazi, hizi si za kupeleka makumbusho?"

"Tutakwenda pamoja nazo, wewe utatubebea mizigo. Shika vizuri."

Kuna programu inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Ukiiwasha, inamdanganya yule mkongwe kwamba bado tuko mwaka ule. Niliiweka, nikaita chombo changu, kikafunguka na kuanguka papo hapo. Mara tatu. Mundhir akaanza kukusanya funguo za gari lake.

Lakini mimi kile chombo nakijua kama ninavyojua jiko langu. Kikiamka, jambo la kwanza hupima mwendo wa mashine, na mashine hizi mpya zina mbio kiasi kwamba kipimo kinakishinda, hesabu inavurugika, kinakufa. Nikaiamuru ile kompyuta ya kujifanya iende pole, sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ukurasa wa buluu ukafunguka, herufi za manjano, na juu kabisa jina langu nilivyoliandika nikiwa na miaka thelathini na mbili. Nililia, sifichi. Mundhir akajifanya anasoma ujumbe.

Ijumaa baada ya alasiri nikawaita kamati nzima waje waone. Nilivaa shela mpya. Nikabonyeza, programu ikaandika kwamba maji wakati huu ni zamu ya Hilal. Hilal mwenyewe alikuwa amekaa pale anakula tende, alikwisha kumwagilia tangu kabla ya adhuhuri na nguo zake zilikwisha kukauka. Tukatoka uani kutazama kijiti cha kivuli, ambacho wazee walipimia zamu kabla ya kompyuta. Programu yangu ilikuwa nyuma kwa saa tano na ushei.

"Imechoka, shangazi," akasema Mundhir, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Umejitahidi. Iache ipumzike."

Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikipitia kila kitu, na kila kitu kilikuwa sawa. Wengine wakaondoka mmoja mmoja. Wakabaki Mundhir na Mzee Nabhan, mpaka adhana ya magharibi ikaanza.

Mzee akainuka, akaja kwenye kompyuta, akaniomba nisogee. Akafungua saa ya mashine, akaandika sifuri, sifuri. Mashine ikairudisha palepale ilipokuwa. Akaandika tena. Ikairudisha tena.

"Hii mpya ina ubishi," akasema.

"Unafanya nini, mzee?"

"Naweka saa. Si wewe uliyenifundisha? Kila adhana ya magharibi, saa irudi sifuri. Sikukosa ila siku niliyomzika mama, na siku hiyo aliiweka binti yangu."

Nikashika kichwa. Siku yetu inaanza jua likizama, na zamu za mfereji tangu babu za babu zetu zinahesabiwa kuanzia hapo. Mwaka ule sikujua namna ya kuifundisha programu jambo hilo, nikaona rahisi kuigeuza saa ya kompyuta yenyewe iwe ya magharibi, kwa mkono, kila siku. Halafu nikasahau. Kosa langu, nalitaja, ingawa hata lile kosa lilifanya kazi miaka ishirini na nane kwa kidole cha mzee mmoja. Mashine mpya inachukua saa yake kwenye intaneti, siku ikianza usiku wa manane, haimsikilizi Nabhan wala mimi.

"Kwa hiyo haijakosea kugawa," Mundhir akasema polepole. "Inasubiri magharibi yake."

"Sasa umeanza kuwa mhandisi. Kesho alfajiri uwe hapa."

Jumamosi alichukua kalenda ya swala ukutani akanisomea wakati wa magharibi wa kila siku ya mwaka, na mimi nikauandika ndani ya programu, kwa chombo kile kile. Alikosea mara mbili, nikamkamata mara mbili. Adhuhuri tukala wali na papa mkavu bila kunawa vizuri. Alasiri programu ikasema ni zamu ya shamba la msikiti, tukakimbia uani, na kivuli kikasema vilevile. Mzee Nabhan akatia sahihi orodha kabla ya adhana, halafu akakaa, hajui mikono yake aifanyie nini.

Jumapili asubuhi mimi na Mundhir tulikwenda kwa Zuwena. Alitoa jiwe na matambara kwenye mlango wa mfereji, maji yakaingia kwenye ndimu, na Mundhir akahesabu kwa simu yake. Dakika saba na nusu. Zuwena akarudisha jiwe.

"Nimesikia mlikuwa na kikao," akatuambia, akijifuta mikono. "Kulikuwa na nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba fungu lake lilikuwa karibu kubadilishwa. Mundhir akanitazama, akingoja nianze, maana ananijua. Nilikuwa nayo yote mdomoni, tangu bati la halua mpaka kalenda.

"Hakuna kitu," nikasema. "Tulinunua kompyuta mpya."